Mtandao Haukatiki Wenyewe

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika katika nyumba wanamopanga wanafunzi wa vyuo vikuu huko Umoja, Donholm, Kayole na Buruburu, ni machache yanayotamkwa mara nyingi kama hili: "Mtandao umekatika." Hutamkwa asubuhi kipindi kinapoanza, hutamkwa usiku kazi ya mhadhiri inapotakiwa kuwasilishwa, na likishatamkwa kila mtu huinamia simu yake akanunua bando kwa fedha zilizokuwa za chakula. Neno limesemwa, mambo yamekwisha.

Kwa mtu anayesomesha isimu, sentensi hiyo fupi ina jambo la kutazamwa. Kitenzi "kata" kina mtenda: fundi hukata waya, mwenye nyumba hukata huduma. Kikishatiwa kiambishi -ik- kikawa "katika", mtenda hutoweka. Mtungi umevunjika, nguo imechanika, mtandao umekatika. Hakuna aliyevunja, aliyechana wala aliyekata. Kauli hii ina manufaa yake, hasa kwa mtoto aliyeangusha kikombe cha mamake. Lakini mwanafunzi anayelipia huduma anapoitumia, hujinyima swali moja lenye faida: umekatikia wapi, na ni jukumu la nani kuuunga?

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Naye asiyeyajua maradhi yake hana tofauti kubwa na yule ayafichaye. Maneno mawili yanayotumiwa kueleza magonjwa matano hayamsaidii mgonjwa wala mganga.

Hebu kwanza tutazame mahali penyewe. Mitaa ya Eastlands haikujengwa kwa kutarajia intaneti. Buruburu na Umoja zilianza kujengwa katika miaka ya sabini, zikikusudiwa familia, kila moja na mlango wake. Leo nyumba nyingi za Buruburu zimeongezewa vyumba vya kupangisha, nako Umoja, palipokuwa na nyumba za chini pamesimama maghorofa. Wanafunzi wasiopata nafasi mabwenini hupanga humo, wawili au watatu chumbani, wakachangiana kodi, maji, tokeni za stima na ada ya intaneti. Laini iliyokusudiwa jamaa moja hugeuka kisima cha kijiji kizima. Si ajabu basi kwamba ndoo zinagongana.

Yafaa ieleweke kwamba kile tunachokiita mtandao, neno lililotokana na "tanda" kama vile utando wa buibui, si kitu kimoja kilichotanda hewani. Ni mnyororo wa viungo vingi, na kila kiungo kina namna yake ya kukatika.

Kiungo cha kwanza kimo chumbani, baina ya tarakilishi na ruta. Waifai ni mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hudhoofishwa na kuta za mawe, milango ya chuma na matangi ya maji. Ruta nyingi za siku hizi hutumia masafa ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali lakini yana msongamano, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini huzuiwa upesi na ukuta. Katika yale ya 2.4, chaneli zinazotumiwa kwa kawaida bila kuingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Jengo lenye ruta thelathini ni sawa na matatu thelathini zinazogombea njia tatu za barabara. Namna ya kupima ni rahisi: chukua waya, uunganishe tarakilishi na ruta moja kwa moja. Mambo yakiwa shwari kwa waya, usimlaumu aliye mbali. Kosa li chumbani. Iondoe ruta kabatini au nyuma ya televisheni, uiweke juu, katikati ya nyumba, na ubadilishe chaneli. Dawa hiyo haigharimu hata shilingi.

Kiungo cha pili ni kule kugawana kwenyewe. Wengi huambiwa wamenunua kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, wakadhani ni megabaiti. Baiti moja ina biti nane, kwa hivyo megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Faili ya megabaiti 100 itachukua sekunde 80 ikiwa mtumiaji ni mmoja na njia ni nyeupe. Wakiwa wanane, hesabu ni yako. Isitoshe, mkondo wa kupakia husahauliwa. Simu moja iliyolala mtoni, ikipakia picha na video za mwenyewe kwenye hifadhi ya mbali, yaweza kuujaza mkondo huo mpaka kipindi cha wenzake wote kikakwama, ilhali hakuna anayetazama filamu. Hapo, ondoeni vyombo vyote isipokuwa kimoja, mpime kasi, kisha mrudishe kimoja kimoja. Mwivi wa kasi atajitokeza, na aghalabu si mtu bali ni mpangilio wa simu ambao mwenyewe hakuujua. Kisha badilisheni neno la siri, kwani lililotolewa kwa jirani muhula uliopita bado linafanya kazi.

Kiungo cha tatu ni waya na stima. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kioo kikikunjwa mno nyuma ya kitanda, mwanga huvuja. Kwenye vijisanduku vingi vya faiba mna taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga haufiki. Kuizima ruta na kuiwasha mara kumi hakuungi kioo kilichovunjika. Aidha, yako maghorofa ambamo nyaya za wapangaji wote hupitia kisanduku kimoja kilicho ngazini, kinachotumia stima ya mita ya mwenye nyumba. Tokeni za mita hiyo zikiisha, ghorofa zote hukosa intaneti huku taa za vyumbani zikiwaka, na kila mpangaji akailaumu kampuni. Kabla ya kupiga simu, shuka ngazi utazame.

Kiungo cha nne ni kampuni yenyewe. Ikiwa taa zote za ruta ziko sawa, tarakilishi imeunganishwa kwa waya, chombo ni kimoja tu, na jirani anayehudumiwa na kampuni iyo hiyo analia kilio kicho hicho, basi hapana shaka tatizo liko nje ya nyumba yenu. Sasa mna haki ya kulalamika, na mna ushahidi.

Kiungo cha tano kiko mbali kabisa, chini ya bahari. Mwaka wa 2009 nyaya za TEAMS na Seacom zilifika Mombasa, na nchi ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Nyaya hizo nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 waya wa Seacom na ule wa EASSy ziliharibika kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Siku kama hiyo mwanafunzi wa Kayole hana la kufanya ila kungoja meli ya mafundi. Wala anga si kimbilio la hakika: Novemba mwaka uo huo, huduma ya setilaiti ya Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Hata hivyo, msomaji atambue kuwa mkasa wa bahari ni nadra. Mengi yanayosingiziwa bahari yamo nyuma ya kabati.

Huenda mtu akauliza: mwanafunzi amekuja Nairobi kusomea sheria au uuguzi, mbona tumtwike kazi ya fundi? Swali ni la haki. Lakini hakuna anayemtaka aunge kioo. Anachotakiwa ni kile tunachofanya sote mbele ya daktari: kusema panauma wapi, tangu lini, na wakati gani huzidi. Mgonjwa anayesema "naumwa" tu, akanyamaza, hupewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mteja anayesema "mtandao umekatika" hujibiwa azime ruta aiwashe.

Kwa hivyo kila nyumba ya wanafunzi iwe na daftari. Iandikwe tarehe, saa, rangi ya taa, kama tarakilishi ilikuwa kwa waya au kwa waifai, na hali ya jirani. Baada ya majuma mawili, daftari litasema lenyewe. Kasi ikishuka kila siku kati ya saa mbili na saa tano usiku, huo ni msongamano. Ikipotea kila inyeshapo mvua, kagueni maungio ya nje. Ikisumbua chumba kimoja tu, ni mawimbi. Zamu ya kuandika izunguke, kwa kuwa penye wengi pana mengi, na katika nyumba nyingi lawama huishia kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye kosa lake ni kuwa mgeni.

Daftari hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kunufaika nayo. Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wateja waliokwisha kuziendea kampuni zao bila kupata suluhu. Lakini haki bila kumbukumbu ni sawa na shahidi bubu. Kadhalika wako wenye majengo wanaoruhusu kampuni moja tu iingize nyaya, mpangaji akawa hana pa kukimbilia. Palipo na mlango mmoja, mwenye ufunguo hana haja ya kuwa mpole. Wapangaji waulize jambo hilo kabla ya kulipa kodi, kama wanavyouliza habari za maji.

Nasi wahadhiri hatutoki hapa tukiwa safi. Tangu Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kazi na majaribio mengi yalihamia kwenye intaneti, na mengi hayakurudi. Tukazoea kuweka mwisho wa kuwasilisha kazi kuwa saa sita kasoro dakika moja usiku. Saa za kuelekea hapo ndizo ambazo mtaa mzima umo ndani ukitazama mpira na filamu. Laini ikizidiwa, mwanafunzi huchagua kupoteza alama au kutoka gizani kutafuta saiba iliyo wazi. Kwa binti anayeishi peke yake Kayole, huo si uchaguzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mhadhiri aliyelala hausikii uzito wake. Mwisho wa kuwasilisha uwe saa sita mchana, wakati maktaba zi wazi na vyuo vina intaneti yao, nyingi zikiunganishwa na KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka wa 1999. Hilo halihitaji bajeti wala kikao cha seneti.

Mwanafunzi anapoandika kwamba taa ilikuwa nyekundu tangu saa mbili usiku, tarehe fulani, kwamba hata kwa waya hapakupita kitu, na kwamba jirani wawili walipatwa na hayo hayo, sentensi yake ina mahali, ina wakati, na ina mtu wa kuijibu. Kampuni haiwezi kuikwepa, mwenye nyumba hawezi kuicheka, na mhadhiri hana budi kuiamini.