Amissi Tambwe, mfungaji bora aliyetemwa Simba na kung'ara Yanga

Ni nadra klabu kumwacha mfungaji bora wa ligi kabla mwaka haujapita. Hilo ndilo lililomkuta mshambuliaji wa Burundi, Amissi Tambwe, nchini Tanzania.

Tambwe alijulikana kote katika kanda mwaka 2013, Vital'O ya Bujumbura ilipotwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Kigali mabao 2-0 katika fainali. Simba ya Dar es Salaam ikamsajili. Katika msimu wa 2013/14 alifunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu, ingawa timu yake ilimaliza katika nafasi ya nne, nyuma ya Azam, Yanga na Mbeya City. Kufunga mabao mengi kiasi hicho katika timu inayoyumba si jambo dogo.

Msimu uliofuata ulianza vibaya. Simba ilitoka sare michezo yake sita ya mwanzo, na lawama zikawaelekea washambuliaji. Wakati huo kanuni ziliruhusu kila klabu kuwa na wachezaji watano tu wa kigeni, hivyo kila aliyeingia alihitaji mwingine atoke. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa Desemba 2014, Simba ilimleta Danny Sserunkuma wa Uganda kutoka Gor Mahia, naye Tambwe akaachwa. Mchezaji mzalendo akipoteza makali huketi benchi akisubiri zamu yake. Mgeni hupoteza nafasi yenyewe, na pamoja nayo riziki yake.

Yanga, watani wa jadi wa Simba, hawakusita. Walimchukua Tambwe katika dirisha hilohilo, na msimu ulipokwisha walikuwa mabingwa. Walitwaa tena ubingwa mwaka 2016, safari hii Tambwe akiwa mfungaji bora kwa mabao 21. Aliyemfuata kwa mabao 19 alikuwa Hamis Kiiza wa Uganda, ambaye naye alikuwa amepita Yanga kabla ya kuvaa jezi ya Simba. Yaani kila klabu ilikuwa ikiumizwa na mtu iliyemjua vizuri.

Mwaka huohuo Simba ilirudi Vital'O na kumsajili Mrundi mwingine, Laudit Mavugo. Miaka miwili baadaye ikampata Meddie Kagere wa Amavubi, aliyekuwa amezunguka kutoka Rwanda hadi Albania na Kenya. Kagere aliongoza orodha ya wafungaji misimu miwili mfululizo, kwa mabao 23 kisha 22.

Tambwe alibaki Yanga hadi mwaka 2019. Baadaye alirejea Tanzania kuichezea DTB katika daraja la pili, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2022 na kubadili jina kuwa Singida Big Stars.