Je, Wajua? Mwezi Ni Mweusi Kama Lami!

Je, wajua kwamba ule Mwezi mpevu unaokumulikia njia usiku ni mweusi karibu sawa na lami iliyochakaa? Ukipigwa na sehemu 100 za mwanga wa Jua, hurudisha 12 tu! Unaonekana mweupe kwa sababu anga iliyouzunguka ni nyeusi zaidi.

Na Mwezi nusu je, unadhani hutoa nusu ya mwanga wa Mwezi mpevu? Hata kidogo! Mwezi mpevu huushinda karibu mara 10. Jua likiwa nyuma yetu, vivuli vya mawe na vumbi la kule juu hujificha vyote, uso mzima ukawaka.

Uwezo huu wa kurudisha mwanga huitwa albedo, na mwanasayansi Johann Heinrich Lambert aliuandikia kitabu tangu mwaka 1760. Sifuri ni giza totoro, moja ni weupe kamili.

Sasa shika hii: Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, hupata 1.38! Unauliza itawezekanaje? Barafu yake hurudisha mwanga mwingi moja kwa moja kule ulikotoka, kuliko karatasi nyeupe kabisa ingefanya. Ukijumlisha pande zote, hurudisha takribani asilimia 80. Na barafu hiyo ni mpya kila siku: mwaka 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba mwezi huo hurusha maji angani kutoka ncha yake ya kusini, yakaganda na kuurudia kama theluji.

Zohali ina kioja kingine. Mwaka 1671, mwanaastronomia Giovanni Domenico Cassini aliuona mwezi Iapetus upande mmoja tu wa sayari hiyo; ukihamia upande wa pili, hauonekani! Alikisia kwamba una uso mweupe na uso mweusi. Ilimbidi angoje hadi 1705, alipopata darubini bora, auone ukiwa upande ule wa giza. Alikuwa sahihi.

Je, wajua kwamba Zuhura, nyota yetu ya jioni, hurudisha robo tatu ya mwanga wa Jua? Iko karibu na Jua na hupigwa na mwanga karibu maradufu ya Dunia, lakini mawingu yake huurudisha mwingi hivi kwamba inachobaki nacho ni kidogo kuliko tunachobaki nacho sisi! Hata hivyo, ardhi yake ina joto la zaidi ya nyuzi 460, maana hewa yake nzito hulifungia joto lisitoke.

Wanasayansi hupimaje albedo ya kitu kilicho mbali mno? Kwa kukivizia! Mwaka 2010 sayari kibete Eris ilipita mbele ya nyota, na darubini za Chile zikahesabu sekunde ambazo nyota ilizimika. Upana ukajulikana: kilomita 2,326. Ukishajua upana na mwanga, hesabu imekwisha: Eris hurudisha asilimia 96!

Kuna sayari, TrES-2b, inayorudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga wa nyota yake. Na kuna LTT 9779 b, ambayo mwaka wake ni saa 19 tu, inayorudisha asilimia 80. Chombo cha CHEOPS kiliingoja ijifiche nyuma ya nyota yake, kikapima mwanga uliopungua. Hebu fikiria udogo wa mwanga huo!

Na Dunia yetu? Asilimia 30, na kipimo chake kimo usoni pa Mwezi. Mwanga wetu huruka hadi kule, ukaumulika upande usiopigwa na Jua, kisha ukaturudia. Miaka ya 1920, Mfaransa André Danjon alitengeneza kifaa cha kuziweka taswira mbili za Mwezi ubavu kwa ubavu, akaupunguza mwanga wa upande angavu mpaka ulingane na wa upande wa giza. Wanasayansi wa Big Bear, California, walipima mwanga huo kuanzia 1998 hadi 2017, wakakuta Dunia imefifia kwa nusu wati kwa kila mita ya mraba.

Nawe huhitaji darubini kuuona. Mwezi ukiandama, siku ya pili au ya tatu, toka nje baada ya magharibi uangalie ndani ya hilali: utaona duara zima likiwa hafifu. Mwonyeshe na mtoto aliye karibu nawe, umwambie huo ni mwanga wa Dunia.