Somo la Redio: Tujenge Mfano wa Kiwanda cha Mhunzi wa Upare

  Leo shikeni rula, kalamu na daftari, maana somo letu ni la kusoma na la kupima pia. Tutajifunza kujenga mfano mdogo wa kiwanda cha mhunzi wa zamani.

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni: mhunzi, mivukuto, fuawe, koleo, kipimo.)

Kwanza tujue sababu. Ukitoka Same kwa barabara ya Moshi, ukafika Mwanga, ukapanda mlima, unaingia Usangi na Ugweno. Hapo zamani wenyeji walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito. Waliuchoma kwa makaa ya miti, wakapata chuma. Majembe na mikuki yakafuliwa, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wanunuzi wao wakubwa. Ukoo wa wahunzi ni Washana. Mwanahistoria Isaria Kimambo alikusanya habari za wazee, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Habari hizo zasema kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno, mpaka ukoo wa Wasuya ulipowaondoa. Basi mnaona kwamba chuma kilileta jembe, na kilileta utawala pia.

Baadaye chuma cha Ulaya kilikuja. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikapita hapo chini ya milima yetu. Jembe la dukani likawa rahisi kupatikana, na kazi ya kuchoma mchanga ikaachwa. Leo mtoto akisikia neno "mivukuto" hana picha yake moyoni. Banda la mhunzi likianguka, nyasi hulifunika. Nyundo yake huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo maana tunajenga mfano, ili macho yaone kile ambacho masikio peke yake hayawezi kukishika.

Sasa tupime. Mfano mzuri hupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja. Sisi tutatumia kipimo cha moja kwa kumi, yaani sentimita 10 za kitu halisi zitakuwa sentimita 1 katika mfano. Tuseme banda lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Mita 4 ni sentimita 400. Gawanya kwa 10, unapata 40. Mita 3 itakuwa sentimita 30. Nguzo ya sentimita 180 itakuwa 18. Hivyo ni vipimo vya somo tu. Ninyi mtaandika vipimo mtakavyopewa na wazee wa kwenu.

Vifaa vyetu havina gharama. Ubao mmoja uwe sakafu. Pakeni udongo juu yake. Kwa nguzo na kenchi, chongeni mlingoti wa mkonge uliokauka, maana ni mwepesi na haukatai kisu. Ezekeni nyasi nyembamba upande mmoja wa paa, na upande wa pili uacheni wazi, ili mtazamaji aone ndani.

Ndani ndimo mwenye kazi. Katikati chimbeni tanuri katika udongo, upana wa sentimita 4, mjaze vipande vidogo vya makaa. Karibu yake wekeni fuawe, nalo ni jiwe gumu lililozikwa nusu. Mhunzi huchuchumaa kati ya tanuri na fuawe, naye lazima avifikie vyote viwili bila kuinuka, kwa kuwa chuma chekundu hupoa upesi.

Nyuma ya tanuri wekeni mivukuto miwili, yaani mifuko ya ngozi ya mbuzi. Kwa nini miwili? Mmoja ukibanwa, wa pili hunyanyuliwa na kujaa hewa. Kwa hiyo upepo haukatiki. Mdomo mpana wa mfuko hufunguliwa kwa mkono unaponyanyuka, hufungwa unaposhuka. Upepo hupita katika mrija wa udongo, maana mti ungeungua. Tumieni ngozi laini ya kiatu kilichochakaa.

Kwa koleo, kunjeni waya wa unene wa milimita 1. Hapa wengi hukosea. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Katika mfano wetu hiyo ni sawa na nondo ya sentimita 2! Vivyo hivyo mpini wa nyundo: ukiufanya mnene, utafanana na mchi wa kinu, na mzee atakucheka.

Jambo moja la kufikiri. Msitazamie mivukuto yenu iwashe moto. Urefu umegawanywa kwa 10, lakini upana na kina vimegawanywa vilevile. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Mvukuto wa lita 20 utabaki na mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Mfano huonyesha kazi; hauwezi kuifanya.

Mwisho, adabu. Uhunzi ulikuwa kazi ya ukoo, yenye miiko yake. Nendeni kwa mzee kwa salamu, ombeni ruhusa kabla ya kugusa chombo chochote, na mwulizeni: Uliketi wapi? Nani alivukuta? Nyundo iliwekwa upande gani? Andikeni jibu lake siku hiyohiyo, pamoja na jina la kila chombo kwa Kipare. Mkifika mwakani huenda mkakuta mlango umefungwa.

Maswali:
1. Wagweno walipata wapi mchanga wenye chuma?
2. Kwa nini mhunzi alihitaji mivukuto miwili?
3. Koleo lina urefu wa sentimita 45. Katika mfano litakuwa na urefu gani?

Kazi ya juma hili: chora sakafu ya kiwanda katika daftari lako kwa kipimo cha moja kwa kumi, uandike jina la kila kitu mahali pake.