Mwenye Bunduki Naye Ataulizwa

Hapana mtu aliyepewa amana akawa hana wa kumwuliza. Baba huulizwa juu ya ahali yake, mwalimu juu ya wanafunzi wake, na mtawala juu ya raia zake. Haya twawafundisha watoto wetu tangu wakiwa na juzuu mikononi. Lakini zama hizi twaona jambo la kusikitisha. Kila ipatikanapo habari kwamba askari wamempindua mtawala wa nchi fulani, vijana wetu hushangilia na kusema kuwa mwanamume amepatikana, wezi wameondolewa. Basi na tuwaulize neno moja tu: huyu aliyeingia kwa bunduki, ni nani atakayemtaka hesabu?

Tazameni Mali. Jeshi liliipindua serikali mwezi Agosti 2020, na kabla mwaka haujatimia, Mei 2021, likapindua tena. Burkina Faso nako, Januari 2022 askari walimwondoa Rais, na Septemba mwaka huo huo askari wengine wakamwondoa yule aliyemwondoa. Mlango uliovunjwa na mmoja humpitisha na wa pili.

Nasi wakaazi wa Arusha tunao ushahidi ulio karibu zaidi. Nchini Rwanda, Juvénal Habyarimana, naye mwanajeshi, alitwaa utawala kwa mapinduzi mwezi Julai 1973. Vita vilipozuka baadaye, serikali yake na wapinzani wake waliokuwa wakipigana walikuja hapa Arusha, na tarehe 4 Agosti 1993 wakatia saini mapatano ya kugawana madaraka na kuunganisha majeshi yao. Wako wakubwa wa jeshi walioyachukia mapatano hayo. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais ilitunguliwa, naye akafa. Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, ndiye aliyebaki kuwa mkuu wa serikali. Lakini Kanali Théoneste Bagosora, mkubwa katika Wizara ya Ulinzi, alikataa kumtambua, na asubuhi ya pili askari wakamwua bibi huyo. Tarehe 9 Aprili ikaapishwa serikali ya raia, na Jean Kambanda akiwa Waziri Mkuu. Kwa muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 wakauawa.

Je, waliachwa? La. Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda iliwekwa papa hapa Arusha, si mbali na Sekei yetu. Kambanda, aliyevaa suti, alikiri makosa, na Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Bagosora, aliyevaa magwanda, alihukumiwa maisha Desemba 2008, na katika rufani mwaka 2011 adhabu ikawa miaka 35. Alifariki mwaka 2021 akiwa kifungoni nchini Mali. Lakini katika kesi ile ile, Brigedia Jenerali Gratien Kabiligi aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Huo ndio uadilifu: hakuokoka mtu kwa cheo chake, wala hakuangamizwa mtu kwa cheo chake.

Na jambo moja la sheria ile lafaa likumbukwe na kila mwenye kuongoza. Mkubwa hakuhukumiwa kwa yale aliyoamuru peke yake. Alihukumiwa pia kwa aliyoyajua, au aliyokuwa na sababu ya kuyajua, kisha asiwazuie walio chini yake wala asiwaadhibu.

Walakini hesabu ile ilikuja baada ya makaburi kujaa. Mahakama ile, iliyofunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015, haikuweza kumrudishia yatima mzazi wake. Kwa hivyo hesabu itakiwayo ni ile iulizwayo mapema, wakati mtawala angali kitini na askari angali kambini: bunge liulize, hakimu asiogope, mwandishi asizibwe mdomo, na raia asiuze kura yake kwa kanga. Wala hatusemi watawala wa kiraia ni malaika. Khiyana zao ndizo zimpazo askari udhuru. Anayewanyima watu hesabu huku akisema amechaguliwa, huyo amwandalia njia mwenye kifaru.

Nanyi wazazi, kazi hii yaanzia nyumbani. Mtoto atumwaye dukani na arudishe chenji, aeleze alichonunua. Na baba akiulizwa na mkewe fedha ya matumizi imekwenda wapi, asighadhibike, bali ajibu kwa upole. Kijana aliyelelewa hivyo hatamshangilia mtu kwa sababu ana bunduki. Atataka kwanza kujua ni nani wa kumwuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye kuikumbuka Siku ya Hesabu, na atujaalie sisi ujasiri wa kuwakumbusha. Amin.