Faiawoli ya makao makuu na matawi manne: hesabu ya miaka mitano

Profoma tatu zikiwa mezani, mhasibu huangalia jumla ya chini na kuchagua iliyo ndogo. Kwa faiawoli, jumla hiyo inapotosha: inaonyesha mwaka wa kwanza tu, wakati kifaa kitakaa miaka mitano au zaidi. Basi tupige hesabu ya miaka mitano, kwa kampuni ya aina tunayoifahamu: makao makuu Dar es Salaam, matawi Arusha, Mwanza, Dodoma na Mbeya, mfumo wa uhasibu na stoo ukiwa kwenye seva ya Dar, na kule matawini hakuna ulinzi zaidi ya ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti.

Tuanze na kasi, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hulipia wasichokihitaji. Karatasi ya vipimo ya FortiGate 60F, kifaa kidogo kinachojulikana sana sokoni, inatangaza gigabiti 10 kwa sekunde. Shuka mistari michache. Ukiwasha ulinzi wote, yaani kuzuia uvamizi, kutambua programu zinazotumika na kukagua virusi, kinabaki na megabiti 700. Namba hiyo ya pili ndiyo unayoinunua. Ukitaka kifungue na kukagua pia mawasiliano yaliyosimbwa, ambayo leo ndiyo sehemu kubwa ya intaneti, mzigo unaongezeka, na cheti cha faiawoli lazima kiwekwe kwenye kila kompyuta ya ofisi. Hata hivyo, tawi lenye faiba ya megabiti 50 halitaimaliza 700. Wakala akikushauri kifaa kikubwa zaidi kwa tawi la watu wanane, mwombe akuonyeshe ni kasi gani ya laini yako inayokihitaji.

Sasa fedha. Namba zifuatazo ni za mfano, weka za profoma yako mahali pake.

Njia ya kwanza ni kuweka faiawoli ya leseni kila ofisi. Tuseme ya makao makuu ni shilingi milioni 3 na leseni yake milioni 2 kwa mwaka; ya tawi ni milioni 1.5 na leseni milioni 1. Kwa miaka mitano makao makuu yatakula milioni 13, na matawi manne milioni 26. Jumla milioni 39, na humo vifaa vyenyewe ni milioni 9 tu. Zilizobaki zote ni leseni.

Njia ya pili ni kuweka ulinzi mzito Dar peke yake, na matawi yapitishe intaneti yao yote huko kupitia VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuunganisha ofisi. Kule tawini unaweka ruta ndogo tu. MikroTik hEX, kwa mfano, ina bei elekezi ya kiwandani ya takriban dola 60 kabla ya usafirishaji na kodi, na leseni yake huja na kifaa, hailipiwi kila mwaka. Tuseme faiawoli kubwa ya Dar ni milioni 6 na leseni milioni 4 kwa mwaka, na ruta nne ni milioni 1.2. Jumla milioni 27.2. Inavutia. Lakini kila kitu ambacho mtu wa Mbeya anakipakua kinaingia Dar kisha kinatoka tena kwenda Mbeya, hivyo laini ya makao makuu inabeba mzigo mara mbili. Ukiongeza laini hiyo kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, miaka mitano ni milioni 9, na jumla inafika milioni 36.2. Na umeme ukikatika Dar bila jenereta kuwaka, matawi yote manne yanakaa kimya.

Njia ya tatu ni programu huria. OPNsense, iliyojitenga na programu ya faiawoli ya pfSense mwaka 2015, ni ya bure, hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, na ina Suricata ya kuzuia uvamizi pamoja na WireGuard ya kuunganisha matawi. Inafanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya kawaida yenye milango miwili au zaidi ya mtandao. Tuseme kompyuta ya Dar ni milioni 2.5 na za matawi milioni 1 kila moja: milioni 6.5, basi. Ila mtu wa kuisimika, kuifuatilia na kuisasisha analipwa. Mkataba wa fundi wa nje wa shilingi 500,000 kwa mwezi ni milioni 30 kwa miaka mitano, na jumla ni milioni 36.5.

Tazama jumla hizo tatu: 39, 36.2, 36.5. Ukiikimbia leseni, unakutana na gharama ya laini au ya fundi. Hesabu inageuka kabisa pale tu ambapo kampuni tayari ina fundi wa TEHAMA anayelipwa mshahara na mwenye nafasi ya kuifanya kazi hii. Hapo njia ya tatu inabaki milioni 6.5, na hakuna profoma ya kushindana nayo.

Kuna ya nne, ulinzi wa wingu, unaolipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Kwa kampuni ambayo watu wake wengi wako safarini ni huduma nzuri. Uliza tu vituo vyao viko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Tawi linalofika kwenye seva ya Dar kwa njia za ndani ya nchi lina nafasi nzuri ya kuendelea na kazi siku kama ile. Tawi ambalo mawasiliano yake lazima yaende kwanza kituo cha ng'ambo, halina.

Leseni nazo hazifanani zinapoisha, na hili wakala halitaji mpaka aulizwe. FortiGate ikiishiwa leseni inaendelea kupitisha mawasiliano, ila haipokei tena orodha mpya za mashambulizi. Cisco Meraki, kwa mfumo wake wa leseni zenye tarehe moja ya kuisha, inakupa siku 30. Zikipita, vifaa vinaacha kupitisha mawasiliano. Kampuni ambayo malipo yake huchelewa kwenye idhini iliwaze hilo kabla ya kusaini. Tena bei za leseni hizi hupangwa kwa dola huko zitokako, na thamani ya dola haitulii. Kenya, Januari 2024, dola moja ilikuwa kama shilingi 160 za huko. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Tanzania, kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai profoma ya shilingi, na ikiwezekana lipia leseni ya miaka mitatu kwa mkupuo.

Jambo moja la kiufundi huharibu miradi mingi ya matawi. Laini ya 4G mara nyingi haikupi anwani ya intaneti ya peke yako, kwa hiyo Dar haiwezi kuanzisha muunganisho kuelekea Mwanza. Ni lazima Mwanza ndiyo ianze. Makao makuu basi yawe na anwani ya kudumu, na gharama yake ya kila mwezi iingie kwenye hesabu. Ongeza na UPS ndogo kila tawi.

Lakini hakuna chapa inayojilinda yenyewe. Fortinet, kampuni inayotengeneza FortiGate, ilitoa marekebisho ya dosari ya VPN yake mwaka 2019. Septemba 2021 nywila za vifaa vipatavyo 87,000 zikaanikwa mtandaoni, vya watu ambao hawakusasisha, au walisasisha bila kubadili nywila. MikroTik ilirekebisha dosari ya Winbox, programu yake ya kusimamia ruta, Aprili 2018, na miezi michache baadaye maelfu kwa maelfu ya ruta zisizosasishwa zilikuwa zikipenyeza kwenye kurasa za watumiaji msimbo wa kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wezi. Kampuni yenye taarifa za wateja ina wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kisingizio cha "faiawoli tulinunua" hakitaifikisha mbali.

Hukumu yangu ni hii. Kampuni isiyo na fundi wake ichukue njia ya kwanza, vifaa vya familia moja ofisi zote, vidogo matawini, na isipunguze leseni ya makao makuu. Kama karibu matumizi yote ya matawi ni mfumo wa uhasibu, njia ya pili inatosha, mradi Dar iwe na laini mbili za kampuni tofauti na umeme wa akiba. Mwenye fundi mzuri achukue OPNsense, anunue na kompyuta moja ya akiba, na amfundishe mtu wa pili, kwa sababu mafundi huhama. Kwa vyovyote vile, usisaini mpaka wakala aandike kwenye profoma mambo mawili: bei ya leseni kuanzia mwaka wa pili, na jina la mtu atakayesasisha kifaa kila mwezi.