Neno "derbi": kutoka kiwanja cha farasi hadi kiwanja cha mpira

Mkazi wa Lubumbashi asikiapo neno derbi huwaza mara moja TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, timu mbili za mji mmoja. Maana hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Msomaji atakayeitumia ili kufahamu Derby ya Epsom au Derby ya Kentucky atapotea, kwani huko hakuna timu mbili wala ujirani. Tunakusudia hapa kueleza maana ya asili ya neno hilo.

Epsom ni mji wa Uingereza, kusini ya London. Tarehe 4 Mei 1780 yalifanywa huko kwa mara ya kwanza mashindano yaliyopewa jina la cheo cha Lodi wa 12 wa Derby. Mshindi alikuwa farasi Diomed. Sharti kuu ni umri: hukimbia farasi wa miaka mitatu tu. Kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja maishani; mwaka ufuatao umri wake umekwisha kupita.

Kiwanja chenyewe ni mtihani. Tangu 1784 mbio hizo zina urefu wa mita 2,400 hivi. Njia ya majani hupanda kilima, kisha huteremka hadi kona ya Tattenham, na karibu na mwisho huinuka tena. Nguvu bila uthabiti wa miguu haifai kitu. Ndiyo maana mshindi hutafutwa sana awe baba wa kizazi kipya.

Jina na damu vilisafiri pamoja. Mwaka 1798 Diomed, akiwa na miaka 21, aliuzwa Virginia, Marekani, akazaa huko farasi mashuhuri. Mwaka 1872 Meriwether Lewis Clark alizuru Epsom. Mwaka 1875 akaanzisha Derby ya Kentucky mjini Louisville, katika kiwanja kiitwacho leo Churchill Downs. Hapo njia ni ya udongo, tambarare, na tangu 1896 urefu ni mita 2,000 hivi. Mshindi wa kwanza, Aristides, alikuwa wa ukoo wa Diomed kwa upande wa mama. Kenya nayo ina Derby yake, katika kiwanja cha Ngong, Nairobi.

Ufaransa ilifanya vingine. Tangu 1836 farasi wa miaka mitatu hushindana Chantilly, lakini mbio zao huitwa Prix du Jockey Club. Wafaransa walichukua jambo wakaacha jina. Wapenzi wa mpira walichukua jina wakaacha jambo.

Kwa hiyo twapendekeza kamusi zetu zitenge maana mbili: (1) mbio kuu za farasi, kwa kawaida wa miaka mitatu, (2) mchezo wa mpira baina ya timu za mji mmoja. Maana ya pili ndiyo iliyoenea kwetu. Ya kwanza ndiyo mama yake.