Nani Anatembea Makaburini Usiku?

Wajukuu, mmeniuliza kama kweli makaburi ya zamani nyuma ya parokia yana mizimu. Hapa Gitega, Burundi, mmeshatishwa vya kutosha: ukisikia unaitwa jina lako pale jioni, usiitike! Binamu zenu wa Muyinga nao wana vitisho vyao. Basi twendeni tukaone, ila mchana, na kwa ruhusa ya paroko.

Misheni ya Mugera, si mbali na hapa, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1899, kwa hiyo Wakristo wamezikwa kwenye vilima hivi kwa zaidi ya miaka mia moja. Tazameni kaburi hili lililotitia katikati. Hakuna aliyetoka humo. Sanduku la mbao limeoza, udongo ukashuka, mvua zikamalizia. Na ile hodi mnayosema husikika hapa usiku? Inueni macho mtazame mikaratusi. Gome lake hubanduka vipande virefu vikabaki vinaning'inia, na upepo ukivipiga kwenye shina, utaapa kuna mtu mlangoni. Chukua kipande hiki, kigonge. Umesikia? Na anayepiga yowe usiku ni bundi. Amependa hapa kwa sababu pana panya, na usiku hakuna mtu wa kumsumbua.

Muyinga kuna Waislamu wengi, nao wakifika makaburini huwatolea salamu waliolala humo: Assalamu alaykum. Wakatoliki, kila tarehe 2 Novemba, huwaombea marehemu wote, na wengi huja kupalilia na kuweka maua. Mtu unayemsalimia na kumpalilia, utamkimbiaje?

Lakini sitawadanganya kwamba hofu yote ni ya magome na bundi. Ukitoka Gitega kwenda Muyinga unavuka mto Ruvubu na kupita Karusi, na huko kuna ardhi ambayo wazazi wetu waliipita kimya miaka mingi. Haikuwa kwa kuogopa mizimu. Mwaka 1972, wakati tunaouita Ikiza, watu walichukuliwa majumbani, kazini na shuleni, wakauawa. Wengi walikuwa Wahutu, na waliosoma ndio walioandamwa zaidi: walimu, makarani, wanafunzi, hata vijana wadogo. Walifukiwa pamoja, bila msalaba wala jina, na familia zao hazikuthubutu hata kuwalilia hadharani. Fikirini hilo: nyumba yenye msiba ambayo haina ruhusa ya kulia.

Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imefukua makaburi 6 ya halaiki huko Karusi na kukuta mabaki ya watu 6,032, pamoja na maelfu ya risasi. Kulikuwa pia na nguo, miwani na rozari. Rozari, wajukuu, kama hii ya bibi yenu. Aliyekuwa nayo mfukoni pengine alitoka nyumbani akidhani atarudi kwa sala ya jioni.

Kwa vitu hivyo baadhi yao walitambuliwa. Wengine bado, na wapo wazee ambao mpaka leo hawajui baba zao walifukiwa wapi. Mkikutana na mzee wa namna hiyo, msimwulize habari za mizimu. Mwulizeni baba yake aliitwa nani, alifanya kazi gani, kisha kaeni chini mumsikilize.